Mjusi wa feruzi wa Kimboza na tiva wa Uluguru: nani yuko pabaya zaidi?

#1 Mwana wa Ruvu

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kwenye uzi wa utalii wa Morogoro mdau mmoja aliweka picha ya yule mjusi wa bluu wa Kimboza, watu wakamshangilia. Nikaandika pale kwamba mlima huohuo una ndege ambaye naye yuko pabaya, na hapatikani kwingine kokote duniani. Mdau mwingine akaniuliza, "Ndege gani huyo? Mbona hata jina hatulijui?" Swali hilo limenikaa kifuani. Nimeona nifungue uzi, maana kulijibu kwa mistari miwili ni kuwadhulumu wote wawili.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro Vijijini, ubavu wa mashariki wa Uluguru. Kwa miaka kumi na kitu nimekuwa nikiongoza wageni msituni. Wengine huja kwa ajili ya ndege, wengine kwa wanyama watambaao, wengine kutembea tu. Haya ninayoandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyasoma kwenye ripoti ambazo wageni hao huniachia.

Naanza na mjusi.

Ukitoka Morogoro mjini kwenda Matombo unapita msitu wa Kimboza. Ukiwa umesinzia kwenye gari unaupita bila kujua. Ni kama kilomita za mraba 4 tu, umekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyochongoka na kutobokatoboka, mita 170 hadi 480 juu ya usawa wa bahari. Ndani kuna joto, unyevu na mbu wa kutosha. Katikati ya mawe hayo inaota miti ya jamii ya mkadi, yenye majani marefu kama mapanga, yamejipanga kwa kuzunguka shina, na kingo zake zina miiba kama msumeno. Wataalamu wanauita Pandanus rabaiensis, na hilo neno la pili linatokana na Rabai ya kule Kenya.

Mjusi wetu anaishi juu ya mkadi huo. Mvule ukiwa hatua tatu pembeni, hamfuati huko. Dume ana rangi ya feruzi inayong'aa hadi mgeni huuliza kama kuna mtu kampaka rangi. Koo ni jeusi tii, tumbo ni la rangi ya chungwa. Jike ni wa kahawia au wa kijani cha shaba, na usipoelezwa utadhani ni mjusi wa aina nyingine kabisa. Tangu pua hadi ncha ya mkia ni kama sentimita 8, yaani urefu wa kidole. Anatembea mchana, anawinda wadudu, na jike hugandisha mayai mawilimawili kwenye kwapa za majani. Kwenye mkadi mmoja mkubwa kwa kawaida kuna dume mmoja mwenye mji, majike yake na watoto. Mkadi ndio nyumba, ndio jiko, ndio chumba cha kujifungulia. Ukiuangusha umevunja ukoo mzima.

Na iliangushwa. Kuanzia mwaka 2004 hivi, mjusi huyu aliingia kwenye soko la watu wa Ulaya, Marekani na Asia wanaofuga mijusi majumbani. Watafiti waliofanya kazi Kimboza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012 walikadiria kwamba kundi moja tu la wakusanyaji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilitoa msituni mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Kundi moja! Hiyo ilikuwa kama asilimia 15 ya wote waliokuwepo. Serikali yetu haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha, kwa hiyo kwenye karatasi aliandikwa jina la mjusi mwingine.

Mwaka huohuo wa 2012 akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya dunia, ile ya viumbe walio hatarini, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya wakapeleka pendekezo la pamoja, likapita. Tangu Januari 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, safu moja na faru na kobe wa baharini. Mjusi wa urefu wa kidole, kutoka msitu ambao watu wa Morogoro mjini wengi hawajaukanyaga.

Sasa twende kwa ndege.

Panda. Pita mashamba ya migomba, pita iliki na mdalasini, pita Tegetero, endelea hadi mahali ambapo ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi na miti imevaa kuvumwani. Huo ni msitu wa Uluguru Kaskazini, kilomita za mraba 80 na ushei. Huko, kwenye vilele vya miti mikubwa, karibu na mita 1,500, anaishi ndege anayeitwa na wataalamu Malaconotus alius. Mimi namwita tiva wa Uluguru, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na tiva mnayemsikia vichakani akiitikiana na mwenzake alfajiri. Ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani cha zeituni, kifua na tumbo la njano. Ukimshika mkononi ni mzuri sana, lakini nani amemshika? Anakaa juu, anatafuta wadudu kwenye majani ya kileleni, na kwa sehemu kubwa ya siku yeye ni sauti tu.

Mimi mwenyewe nilimsikia kwa misimu miwili kabla ya kumwona. Nilikuwa na mgeni mmoja mzee, ameshalala mahema siku nne. Asubuhi ya tano mluzi ukatoka juu yetu kabisa. Mzee akanishika mkono, akaninyamazisha kwa kidole. Tulisimama hadi shingo zikauma. Kisha njano ikapita kati ya majani mawili. Sekunde tatu. Mzee alikaa chini kwenye matope akalia.

Makadirio yaliyofanywa kuzunguka mwaka 2000 yalitaja jozi 1,200 hivi. Dunia nzima. Hajathibitishwa kuwepo hata Uluguru Kusini, ambao ni mlima uleule.

Na sasa jambo lililonifanya nisilale. Aliyempata ndege huyu mwaka 1926 anaitwa Arthur Loveridge, mtu wa Wales aliyekuja Nairobi mwaka 1914 kutunza makumbusho, akapigana vita vya Mjerumani huku kwetu, akawa bwana nyama Tanganyika, halafu akahamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Herbert Friedmann, mtaalamu wa ndege, akamwandika ndege huyo rasmi kwa wanasayansi mwaka 1927. Lakini Loveridge hakuwa mtu wa ndege, fani yake ilikuwa nyoka, mijusi na vyura. Na mwaka 1952 ni Loveridge huyohuyo aliyemwandika mjusi wa Kimboza! Kwenye jina la kitaalamu, Lygodactylus williamsi, akampa jina la John Williams, ambaye alikuwa mtunza ndege wa makumbusho ya Nairobi. Mtu wa mijusi katuletea ndege, halafu mjusi kampa jina la mtu wa ndege. Hawa wawili wamefungwa kamba moja tangu mwanzo, sisi ndio tumewatenganisha.

Hoja yangu ni hii. Mjusi anaumia kwa kuonekana, ndege anaumia kwa kutoonekana. Mjusi alikuwa na mnunuzi, na kwa sababu kulikuwa na mnunuzi kulipatikana kosa, karatasi, mpaka, ofisa wa forodha, na mwisho sheria. Tiva hana mnunuzi. Hakuna anayemtaka, si kwa kitoweo, si kwa tundu. Anayemmaliza ni jembe na moto wa kuandaa shamba, na jembe ni la mjomba wangu, ni la jirani yangu, ni la kwangu. Mkutano gani wa Johannesburg utalipigia kura jembe?

Karibuni tujadili. Nawasilisha.

---

#2 Mgosi wa Lushoto

Mleta uzi, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili.

Naomba kuuliza, huyo mjusi ni ndugu wa mjusi kafiri huyu wa ukutani? Na kwa nini huko Kimboza tu, hakufika kwetu Usambara ambako misitu ipo?

---

#3 Mwana wa Ruvu

Mgosi, ndiyo, ni familia moja na mjusi kafiri, ila huyu ni wa mchana, na jicho lake lina mboni ya duara, si ule mstari wa kusimama. Vidoleni ana vile vibandiko vya kukwea, na hata kwenye ncha ya mkia anavyo. Ukimwona akiteremka kwenye jani la mkadi kichwa chini, mkia unashika kama mguu wa tano.

Nje ya Kimboza yuko kwenye msitu wa akiba wa Ruvu ulio jirani, na kwenye vipande viwili vidogo sana. Basi. Mkadi wenyewe unapatikana kwingine Tanzania na Kenya, lakini yeye hakuvuka. Ni mnyama wa sentimita 8, mto na shamba la mpunga kwake ni bahari.

---

#4 Kijana wa Mawe ya Chokaa

Sikutaka kuchangia. Nimekaa siku mbili na uzi huu.

Mimi nimezaliwa kijiji kinachopakana na Kimboza. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, sina mbele wala nyuma. Alikuja mtu na gari, akakaa kwa mwenyeji mmoja, akatuita vijana. Alikuwa na picha. Akasema anataka wale wa bluu, na wale wa kahawia pia lakini kwa bei ya chini. Kwa bluu mmoja alitulipa pesa ambayo haikufika bei ya soda.

Nieleze tulivyofanya, maana naona watu wanaandika "wamekusanywa" kama vile maembe. Mjusi yule ana kasi, na akiogopa anaingia ndani ya kwapa la jani ambako mkono hauwezi kupita kwa miiba. Ukipanda utachanika. Kwa hiyo unakata mkadi wote. Unauangusha, wenzako wanauzunguka, mnafungua jani moja moja kama mnamenya hindi. Mnapata sita, nane, kumi. Watoto wadogo mnawaacha hapo chini. Mayai yanapasuka au yanabaki yamegandia jani linalokauka. Mkadi unachukua miaka mingi kufikia kimo kile, sisi tuliuangusha kwa dakika tano.

Tuliwaweka kwenye chupa za maji zilizotobolewa. Kufika jioni wengine walishakufa, na waliokufa hawakulipwa. Na dume akifa rangi inaondoka. Nakumbuka hilo kuliko yote. Umemkamata feruzi, ukifungua chupa jioni una kitu cheusi cheusi.

Niliacha mwaka 2008 si kwa sababu ya huruma. Niliacha kwa sababu sehemu zote za karibu na njia zilikuwa zimekwisha, na kule ndani nilianguka kwenye shimo la mawe nikavunjika kifundo cha mguu. Yule mtu wa gari hakuniuliza hata nina hali gani. Huruma ilikuja baadaye, nilipokuwa na watoto wangu nikawapeleka kuwaonyesha, tukazunguka nusu saa bila kumwona hata mmoja.

Ndugu mleta uzi, usemi wako kwamba mjusi anaumia kwa kuonekana ni wa kweli. Ila usisahau kwamba na sisi hatukuonekana. Huyo ofisa wa forodha unayemsema, angekuwepo kijijini mwaka 2006 mambo yangekuwa mengine.

---

#5 Mwana wa Ruvu

Ndugu yangu, ahsante kwa kusema. Najua si jambo jepesi kuliandika mbele za watu. Nimekuwa nikipita kijijini kwenu miaka yote hii na wageni wenye kamera, na sikuwahi kumwuliza yeyote hivi ilikuwaje. Nakubali lawama.

---

#6 Msafiri wa Rhein

Habari zenu wana uzi. Naandika kutoka Ujerumani, mimi mzaliwa wa Tanga, nina miaka ishirini na mbili huku. Baada ya post namba 4 nimeona ni lazima niseme upande wa pili wa chupa hiyo.

Mwaka 2009 nilikwenda kwenye maonyesho ya wanyama watambaao, ukumbi mkubwa, maelfu ya watu. Nikaona vikasha vya plastiki vimepangwa mezani, na ndani mjusi wa feruzi. Kibandiko kimeandikwa "Tanzania". Wandugu, nilikuwa na hamu ya nyumbani kiasi ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Nikanunua jozi. Muuzaji aliniambia amewazalisha mwenyewe, na sikuwa na sababu ya kumshuku. Dume alikuwa na kovu la kuchanika ubavuni. Leo, baada ya kusoma habari ya miiba ya mkadi, nimeelewa kovu lile.

Jike alitaga mara nyingi. Mayai yanachukua kama miezi miwili hadi mitatu kuanguliwa. Nimelea vizazi vinne. Kusema kweli ni mjusi asiye mgumu ukimpa joto, unyevu, mwanga na mmea wa majani marefu. Tangu 2017 huku huwezi kumuuza bila cheti cha kuonyesha alizaliwa kifugoni, na hilo limepunguza sana biashara ya mezani. Mimi siuzi.

Sasa swali langu kwa mleta uzi, na naliuliza kwa moyo safi. Mjusi huyu, hata Kimboza ikiungua kesho, atakuwepo. Wapo maelfu kwenye vikasha vya kioo vya Ulaya. Tiva akiisha Uluguru ameisha. Je, hilo halimaanishi ndege ndiye apewe kipaumbele?

---

#7 Mwana wa Ruvu

Swali zuri sana, na limenichukua muda.

Kwanza, umesema kweli kuhusu ndege. Hakuna tiva wa Uluguru hata mmoja kwenye tundu popote ninapojua. Hakuna akiba.

Lakini nakuomba ufikirie mjusi wa kwenye kioo anabaki kuwa nani. Kule Kimboza ana mpinzani kwenye mkadi wa pili, anapigana naye kwa kutikisa kichwa na kuvimbisha koo jeusi. Ana nyoka wa kumkimbia. Ana kiangazi. Kwako anabaki na rangi. Na akiisha Kimboza, hao walioko Ulaya watarudishwa wapi? Mkadi bila msitu hausimami. Hapo ndipo penye tatizo jingine ambalo sikulitaja. Miaka ya nyuma ulipandwa pale mti wa kigeni, Cedrela odorata, kutoka Amerika ya Kati na Kusini, kwa ajili ya mbao. Huo mti sasa umeshika sehemu kubwa ya msitu. Moto ukipita, wa kwanza kuota ni huo. Unakua haraka, unatia kivuli, miche ya asili inadumaa. Biashara imefungwa kwa sheria, lakini Cedrela haisomi sheria.

Kwa hiyo nakupa jibu ambalo huenda halitakuridhisha. Mjusi ana watu wa kumhurumia na hana ardhi ya kutosha. Ndege ana ardhi kubwa kuliko ya mjusi, ila hana watu. Ukinilazimisha kutoa pesa yangu ya leo kwa mmoja, nampa ndege, kwa sababu hiyo uliyoitaja. Lakini moto wa kiangazi ukianza, nitakimbilia Kimboza kwanza, kwa sababu msitu wa kilomita 4 unaweza kwenda wote kwa wiki moja.

---

#8 Mama Iliki

Wanangu, nimesoma maneno yenu mazuri. Mimi niko huku juu, karibu na huyo tiva wenu. Namsikia nikichuma iliki. Sikujua kama ni wa hapa tu, nilidhani yuko kila mahali.

Mwana wa Ruvu, umesema jembe ndilo linalommaliza. Umesema ukweli na umesema nusu. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Bibi yangu alimgawia mama yangu na dada zake wanne. Mama akatugawia sisi sita. Mimi nina mabinti watatu. Kipande changu ukirusha jiwe kinavuka. Nikikupa shamba hilo wewe ungelima wapi? Chini? Chini kuna mwenyewe. Kwa hiyo watu wanatazama juu.

Walipotangaza hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, mpaka ukawekwa alama. Mimi sipingi mpaka. Maji ya kijiji yanatoka humo, na nasikia hata watu wa Dar es Salaam wanakunywa Ruvu hiyohiyo. Lakini hakuna aliyekuja kukaa na akina mama kutuambia humo ndani kuna nini. Tuliambiwa msikate, msichome. Sababu hatukupewa. Ningeambiwa kuna ndege wa jozi elfu moja na mia mbili dunia nzima na nyumba yake iko juu ya iliki yangu, ningekuwa na la kuwaambia wanangu.

Na tena niwaambie, iliki inataka kivuli. Anayejua kulima iliki hawezi kufyeka miti mikubwa yote. Wanaofyeka ni wanaotaka maharage na mahindi ya haraka, kwa sababu iliki inakupa pesa baada ya miaka mitatu na mtoto anataka daftari Januari.

---

#9 Mwana wa Ruvu

Shikamoo mama.

Umenifundisha. Nilikuwa naandika kuhusu jembe kama mtu aliyelisahau, na mimi nimesomeshwa na migomba ya shangazi. Naomba radhi.

Hilo la kivuli cha iliki sitaki lipite. Tiva anahitaji miti mirefu ya kileleni. Sijawahi kumwona akitua shambani, lakini pale ambapo mpaka wa msitu una iliki chini ya miti mikubwa, nimemsikia karibu zaidi kuliko pale ambapo msitu unaishia ghafla kwenye maharage. Hayo ni masikio yangu tu, sidai zaidi. Na mnafahamu Bunduki, ule upenyo kati ya Uluguru Kaskazini na Kusini. Zamani msitu uliunganisha pande zote mbili. Ukafyekwa. Ndege wa vivuli hawavuki peupe.

Mama, mwezi ujao nina safari ya Tegetero. Nikija na kinasa sauti changu, utaniruhusu nikae na akina mama kidogo jioni, niwasikilizishe huyo ndege na wengine?

---

#10 Mtaita wa Wundanyi

Ndugu zangu wa Tanzania, poleni na hongereni. Huku kwetu milima ya Taita tuko ukurasa uohuo, na labda mbele yenu kwa ubaya. Tuna apalis wa Taita, kidege kidogo cha majivu na weupe, mkia mrefu. Waliobaki ni chini ya mia mbili. Msitu wa asili umebaki vipandevipande kama viraka kwenye kanzu, Ngangao, Mbololo, Vuria, na katikati ni shamba, mkaratusi na msindano. Mtoto wa huku anamjua ndovu wa Tsavo kule chini kuliko kidege cha nyuma ya shule yake.

Kwetu hatuna mjusi wa feruzi wa kuvuta macho ya dunia. Nikisoma uzi huu nawaonea wivu mwema. Yule mjusi wenu angeweza kumbeba ndege mgongoni. Mgeni akija kwa ajili ya Kimboza, mwambieni, "Umeona wa chini, sasa panda umsikie wa juu." Ni mlima mmoja, ni siku mbili.

---

#11 Mwana wa Ruvu

Mtaita, hilo la "wa chini na wa juu" nitalitumia kuanzia safari ijayo, na nitasema nimelipata kwako.

Niongeze tu kwamba mlima wetu una chozi pia, yule ndege wa kufyonza maua, naye ni wa Uluguru peke yake na jina lake la kitaalamu ni la Loveridge. Yeye anaonekana kwa urahisi, anashuka hadi kwenye maua ya pembezoni mwa msitu. Kwa mgeni aliyekosa tiva, huwa namfariji kwa chozi.

---

#12 Msafiri wa Rhein

Nimepiga hesabu. Jozi zangu na watoto wao nimetumia kuwalea pesa ambayo ingelipa walinzi wa zamu wa kiangazi kwa msimu mzima Kimboza. Mwana wa Ruvu, kama kijiji kina kamati ya kulinda msitu inayotambulika, nitumie ujumbe wa faragha nijue utaratibu wake. Sitaki kupitisha pesa mkononi mwa mtu mmoja, hata wewe, usinielewe vibaya.

Na kwa yule ndugu wa post namba 4, kifundo chako kilipona? Sijui nikuombe msamaha kwa lugha gani. Pengine dume wangu wa kwanza ulimshika wewe.

---

#13 Kijana wa Mawe ya Chokaa

Kilipona vibaya, mvua ikija najua kabla ya redio. Msamaha hauna kazi, wote tulidanganywa na mtu mmoja.

Leo asubuhi nilipita Kimboza, njia ya mtoni, na binti yangu wa mwisho. Kuna mkadi mmoja ambao sikuukata kwa sababu uliota juu ya jiwe lenye shimo, hakuna aliyethubutu. Tulisimama chini yake. Binti akaona kabla yangu. Dume, amekaa kwenye jani la tatu kutoka chini, jua linampiga. Tulipohama kwenda upande wa pili akazunguka na yeye, akatutazama kutoka ukingoni mwa jani. Nikahesabu majike wawili na kitoto kimoja. Mwana wa Ruvu, ukija na kinasa sauti chako, pitia kwetu kwanza nikuonyeshe jiwe hilo.